Namna ya kujua kisiwa kilivyoumbika: pima maji kabla ya kuamini jiwe

Mpwa wangu alipewa kazi ya skuli: aeleze Unguja na Pemba ni visiwa vya aina gani. Nikamwambia bila kufikiri, "Vya matumbawe, si unaliona jiwe?" Tukapoteza Jumapili nzima kwa jibu langu hilo. Hivi ndivyo tulivyolirekebisha.

1. Shuka pwani maji yakipwa

Chagua siku za bamvua, maji yanapokupwa sana. Mimi napendelea Makunduchi, kusini mwa Unguja. Chukua ndimu na kipande cha jiwe kilichokwisha kumeguka. Tumbawe hai usiliguse.

2. Litazame jiwe

Lisogeze machoni. Utaona vijishimo vilivyopangana kama sega la nyuki: ndimo walimokaa wadudu wa tumbawe. Ponda kidogo, kamulia ndimu, na unga utatoa povu, maana ni chokaa. Matumbawe haya yalimea bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, kiasi cha miaka 125,000 iliyopita. Ilipoteremka, yakabaki nchi kavu.

3. Soma kina cha maji

Hapa ndipo tulipokwama. Jiwe la pwani ni nguo tu iliyovishwa kisiwa. Halikwambii kilivyotengana na bara. Unguja na Pemba zote zimevaa nguo hiyo, lakini asili zao ni mbali mbali.

Tumia ramani ya mabaharia. Picha za setilaiti sizipendi kwa kazi hii, kwani rangi ya buluu haikuoneshi mita 60 wala 600. Kwanza angalia pembeni kama namba ni za mita au za pima. Pima moja inakaribia mita 1.8, na sisi tulizisoma pima kama mita hadi hesabu zikakataa. Pili, usihangaike na shimo refu kuliko yote. Tafuta njia ya maji mafupi kutoka bara hadi kisiwani, kisha uone pahali pake palipozama zaidi.

Sasa linganisha. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imekamata maji mengi duniani, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi. Mkondo wa Unguja, yaani bahari iliyo kati ya Unguja na bara, kwa sehemu kubwa haufiki mita 60, kwa hiyo mtu angetembea kwa miguu kutoka Bagamoyo. Unguja ni kipande cha bara kilichozungukwa na maji juzi tu. Mkondo wa Pemba unashuka hadi mita 800 hivi, kwa hiyo hata wakati ule haukukauka. Pale ardhi ilipasuka na kudidimia, mamilioni ya miaka nyuma.

4. Uliza wanyama

Popo wa Pemba hapatikani kwengine duniani. Kukaa mbali muda mrefu huzaa viumbe vya peke yake.

5. Linganisha na majirani

Ngazija, huko Komoro, ni volkano, na mlima wake wa Karthala bado ni hai. Maore (Mayotte) ni volkano kongwe iliyokwisha kudidimia kiasi, ikazungukwa na ukuta wa matumbawe na maji matulivu ndani yake. Mlima ukizama wote, hubaki duara la matumbawe, yaani atoli. Aldabra, huko Shelisheli, ni atoli iliyoinuliwa tena juu ya maji. Mahé ya Shelisheli ni matale, yaani mawe magumu ya graniti, masalia ya bara la kale, na ndimu haitoi povu.

6. Jaribu peke yako

Anza na Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja. Jiwe lake ni tumbawe, na maji kati yake na Unguja ni mafupi. Ramani mkononi, jibu utalipata kabla maji hayajajaa.