Kabla ya kumlaza mtoto usingizi mzito ICU, andaa kichwa chake

Atapimwa EEG, kipimo cha mawimbi ya ubongo, kwa elektrodi, vibati vya waya vinavyobandikwa kichwani. Nywele kwanza. Rasta zifumuliwe, kichwa kioshwe kwa shampuu, kikaushwe. Elektrodi haishiki kwenye mafuta ya nazi, hata uibembeleze vipi. Mwombe mama afumue. Ana mkono mwepesi kuliko wewe, tena atapata la kufanya.

Chaja za simu zikae mbali na kitanda, la sivyo umeme wa ukutani utachafua mistari yote. Kila dozi ya dawa ya usingizi, midazolamu au ketamini, iandikiwe saa yake, maana dawa hizo hubadilisha mawimbi ya ubongo.

Sasa dawa ya kulegeza misuli. Nilikuwa zamu ya usiku, mtoto wa miaka 4, homa ya uti wa mgongo, anagombana na mashine ya kupumulia. Akapewa midazolamu, fentanili ya maumivu, kisha dawa ya kulegeza. Akatulia tuli, nasi tukapumua. EEG tukasema asubuhi: fundi hayupo, nywele zimesukwa. Saa nane mapigo yakapanda kutoka 115 hadi 160, presha nayo juu. Nikasema ni maumivu, fentanili ikaongezwa. Hayakushuka. Nilipofunua kope na kumulika tochi, mboni zilikuwa pana kama kifungo cha shati, na fentanili huzibana zikawa tundu la sindano! Nikaandika tu kwenye faili. Asubuhi elektrodi ziliposhika, skrini ilijaa miiba mfululizo: degedege. Hakuna kidole kilichotikisika, na kisingeweza: dawa ile hufunga misuli, degedege la ubongoni hailigusi. Lilianza saa ngapi? Mama aliuliza. Hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo elektrodi kwanza, kulegeza baadaye. Kama pumzi haisubiri, basi zibandikwe mara tu mpira wa kupumulia ukikaa sawa kooni. Fundi apigiwe simu usiku huohuo, akasirike akitaka.

Hata bila dawa hiyo degedege hujificha. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walilieleza miaka ya 1990 kwa watoto wenye malaria ya ubongo: jicho linachezacheza, kona ya mdomo inaruka, basi. EEG ya nusu saa isikutulize. Acha iende saa 24 ukiweza. Kagua ngozi chini ya elektrodi isichubuke. Na sukari pima tena, hata kama zamu iliyopita imeandika iko sawa.