Somo: Kumpiga picha pweza bila kumfukuza

Swali la kamera gani inunuliwe tuliweke kando. Pweza anajali nani kaja mlangoni kwake, na kaja kwa kishindo gani.

Hatua ya 1. Tafuta shimo kwanza. Pweza hutupa mabaki ya chakula nje: maganda ya kaa, makombe, mengine yana kitundu kidogo alichotoboa mwenyewe. Ukikuta rundo la makombe masafi mbele ya mwamba wenye tundu, huenda mwenyeji yumo.

Hatua ya 2. Tulia kando ya tundu, usimzibe njia, na usiguse matumbawe. Pumua polepole lakini usibane pumzi: kwa mwenye mtungi, kupanda huku umebana pumzi kunaweza kupasua mapafu. Subira ya chini ya maji ina mpaka, nao ni geji ya hewa. Kwa hiyo amua ukiwa bado juu kwamba mbizi nzima ni ya shimo hilo moja.

Hatua ya 3. Msome. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, maana likichungulia jicho tu wanaanza kufyatua. Kwanza litazame: mboni ni mstari mweusi uliolala, na hubaki umelala hata mwili ukiinama. Akipauka ghafla, au akivuta mawe kujiziba, umemuudhi, rudi nyuma. Ngozi ikichukua rangi ya mwamba, na mkono mmoja ukatoka kupapasa kokoto, anaanza kukuzoea. Sasa inua kamera, taratibu.

Hatua ya 4. Mwanga. Maji humeza wekundu kwanza, ndani ya mita chache tu, ndiyo maana picha hutoka za kibuluu. Flashi hurudisha rangi, ila ikikaa karibu na lenzi humulika vumbi la majini na picha hujaa madoa meupe. Isogeze pembeni, nawe msogelee mnyama kadiri anavyokuruhusu. Baada ya hapo cheza: zima flashi umpige kutoka chini akiogelea, awe kivuli, au weka shata (muda wa lenzi kupokea mwanga) ya polepole, sekunde 1/15, ukimfuata kwa kamera. Mimi napenda flashi moja ya ubavuni, inaonyesha kila kipele cha ngozi.

MASWALI

Mkuu, mimi sina flashi.
— Kaa kina kifupi, jua liwe mgongoni. Rekebisha mizani ya rangi (white balance, mpangilio wa kamera unaosawazisha rangi) kila ukibadili kina, na upige kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo rangi zake unaweza kuzirekebisha baadaye.

Nikimchokoza kidogo kwa kijiti ili atoke?
— Hapana, ndugu. Atamwaga wino, nawe utapiga picha ya wingu. Tena huenda ni jike anayelinda mayai. Huyo karibu hali kabisa mpaka yaanguliwe, na ukimtoa mayai yataliwa.

Maji yakiwa machafu je?
— Picha pana sahau. Piga jicho, au vinyonyio vya mkono mmoja.