Kabla ya kumwaga oili ya giaboksi ya gari lako dogo

Vitz niliyonunua kwa mtu hapa Nakuru ilianza kutetemeka kwenye mlima wa Sachangwan, wiki mbili tu baada ya servisi. Injini ilikuwa ikinguruma na gari halisongi. Mafundi niliowapelekea walikuwa wamemwaga oili ya zamani na kutia oili nyekundu ya ATF, ile ya otomatiki ya kawaida. Gari lenyewe lilikuwa la CVT. Hawakuniuliza, nami sikujua kwamba kuna la kuulizwa. Tangu hapo nimeshikilia jambo moja: siku ya hatari zaidi kwa giaboksi ni siku ya kubadilisha oili, na kazi kubwa hufanywa kabla ya spana kugusa bolti.

Kwanza ujue umebeba giaboksi ya aina gani. Otomatiki ya kawaida ina gia za meno na klachi ndogondogo zinazobanwa kwa shinikizo la oili. CVT haina gia za kupanda moja baada ya nyingine. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na puli hizo hutanuka na kubanana kadiri mwendo unavyobadilika. Oili yake inatakiwa kulainisha na papo hapo kuacha chuma kikamate chuma. Ukitia ATF humo, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na chembe za chuma zinasambaa kila mahali.

Umbo la gari halikuambii chochote. Mazda Demio iliyotangulia ile ya 2014 ilitoka nyingine na CVT, nyingine na otomatiki ya gia nne. Hiyo ya 2014 ikaja na otomatiki ya gia sita. Kwa Toyota nyingi, fungua boneti au mlango utafute kibango cha chasisi, usome pale palipoandikwa TRANS/AXLE: herufi K kwa kawaida ni CVT, U ni otomatiki ya gia, C ni ya manyuo. Kipige picha kwa simu.

Ukishajua aina, tafuta jina kamili la oili. Nissan Note ya 2012 kuendelea yenye CVT hutumia NS-3. Honda Fit ya CVT ya kizazi cha 2007 ni HMMF, na iliyofuata ni HCF-2. Toyota zina TC na FE kwa CVT, na WS kwa otomatiki nyingi za karibuni. Muuza spea akikwambia "hii inaingia zote", mshukuru uende duka linalofuata. Mimi hununua oili mwenyewe, mikebe ikiwa na sili, na kuifungua mbele ya fundi. Lita 4 hutosha mara nyingi, kwa kuwa ukifungua bolti ya chini hutoka kama lita 3 hadi 4 tu. Nyingine hubaki ndani ya toki konveta, ile inayounganisha injini na giaboksi kwa oili, na kwenye mabomba. Ongeza lita moja ya akiba.

Kuhusu muda, wapo wanaosema oili ya giaboksi ni ya maisha. Sikubaliani nao. Gari linalopanda Mau Summit kwa mzigo, kisha likashinda kwenye joto na foleni za Kisumu, linapika oili yake. Kila kilomita 40,000 hadi 60,000 ni kipimo cha busara. Kama gari limetoka Japani na hujui historia yake, anza kuhesabu leo.

Lakini itazame oili kwanza. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, na gia tayari zinateleza, oili mpya haitaponya klachi zilizokwisha. Usikubali kusukumiwa oili yote kwa mashine. Mwaga na ujaze, tembea kilomita kadhaa, kisha urudie. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Wanaopita Ahero wakati mto Nyando umefurika waichunguze hii sana, maana giaboksi ina tundu la kupumulia na maji yakifika hapo huvutwa ndani. Gari la namna hiyo livutwe hadi kwa fundi, lisiendeshwe.

Siku yenyewe, gari liinuliwe likiwa sawa pande zote nne. Halafu ombi ninaloliona kubwa kuliko yote: bolti ya kujazia ifunguliwe kabla ya ile ya kumwagia.

"Mama, hiyo hufunguka tu," fundi mmoja wa Kibuye aliniambia.

"Basi fundi wangu, tuifungue sasa."

Ikigoma ilhali oili imeshamwagwa, gari haliondoki hapo. Oili inayotoka ipimwe kwa chupa, na iliyopimwa ndiyo irudi, na bolti ifungwe kwa washa mpya, ile pete ya kuzuia kuvuja. Sampu, yaani bakuli la oili la chini ya giaboksi, ikishushwa, angalia sumaku zake. Tope laini la kijivu ni la kawaida, vipande vinavyokwaruza kidole si vya kawaida.

Kipimo cha mwisho hutegemea joto. Giaboksi zisizo na kijiti cha kupimia hupimwa injini ikiwaka, kwa tundu ambalo oili iliyozidi hutokea, nyingi za Toyota zikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, kwa hiyo uliza mapema kama fundi ana mashine ya kusoma joto hilo. Oili ya zamani irudi kwenye mkebe. Mitaro ya Nakuru huishia ziwani.

Usiku huo laza katoni safi chini ya gari, na asubuhi iangalie kama kuna oili iliyodondoka, kabla hujawasha.