Kabla hujanunua miche, angalia visiki vilivyopo shambani kwako

Wakulima wenzangu wa Shinyanga, Simiyu mpaka huko Dodoma, kila msimu naulizwa swali lile lile, mbona mvua siku hizi inatukataa, na anayeuliza unakuta amesimama kwenye shamba la ekari tano halina hata mti mmoja wa kumpumzishia ng'ombe.

Tuanze na ukweli. Mvua yetu kubwa inategemea upepo na hali ya joto la Bahari ya Hindi, kwahiyo upo mwaka ukame utakuja hata kijiji kizima kiwe pori. Ila hiyo inayonyesha, ibaki kwako au ikimbilie mtoni, hapo ndo miti ina kauli. Mvua ya milimita 30 tu kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 120,000, yaani madebe kama 6,000 ya maji umeletewa bure shambani! Udongo ukiwa uchi yale matone yanaupigapiga mpaka unashika gamba juu kama ukoko wa ugali, maji yanateleza na kuondoka na samadi yako. Chini ya mti matone yanavunjwa na majani, mizizi na mchwa wameshafungua njia, maji yanazama. Halafu mti ule ule unayarudisha hewani taratibu kupitia majani, unapoza eneo, unazuia ule upepo mkavu unaonyonya mahindi.

Mwezi wa kwanza mwaka juzi nilikuwa kwenye shamba la mama mmoja saa nane mchana, kipindi kile mvua inakata katikati ya msimu kama kawaida yetu. Nikaweka kiganja kwenye tuta lililo wazi nikashindwa kuvumilia joto. Nikasogea hatua kumi chini ya mgunga, nikafunua majani makavu, nikachimba kwa kidole, udongo wa baridi, ukiufinya unashikana. Mahindi ya pale yalikuwa yametanua majani na yanatoa mbelewele vizuri, ya kule juani majani yamejikunja kama ya kitunguu. Shamba moja, mbegu moja, mvua moja.

Shinyanga hatukuzaliwa na jangwa. Miti ilifyekwa enzi za mkoloni kuua mbung'o, ikafyekwa tena kupisha pamba, mkaa ukaja kumalizia, mpaka mkoa ukaanza kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kilichofanya kazi kuliko vyote ni kitu cha wazee wetu Wasukuma, ngitili. Unafunga eneo la malisho mvua zinapoanza, halikanyagwi na mfugo, unalifungua kiangazi nyasi za kwingine zikiisha. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000, na sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa na mtu, ilichipua yenyewe kwa kuachwa tu.

Ndo maana nasema miche baadae. Niliwahi kugawa miche mia kadhaa kwenye kijiji kimoja, watu wakapanda kwa shangwe, kufika mwezi wa tisa iliyobaki hai ni ya kuhesabu vidoleni, na iliniuma sana maana akina mama walikuwa wanaibebea maji kichwani. Kisiki hakihitaji hayo. Mizizi yake iko chini sana tayari, kwahiyo chipukizi linaondoka kwa kasi ambayo mche hauwezi.

Namna ya kufanya ni hivi. Kwenye kisiki kilichochipua chagua machipukizi mawili mpaka matano, yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine yote kata. Hayo uliyobakiza punguzia matawi ya chini mpaka nusu ya kimo chake, usipite hapo maana mti utakosa majani ya kujilisha. Panga iwe kali, na kata kuanzia chini kwenda juu ili gamba lisichanike, lile jeraha likichanika linaingiza wadudu na kuoza. Funga kitambaa cha rangi kwenye kila kisiki ulichochagua ili kibarua wa palizi au jirani asikifyeke kwa kutojua. Rudi kila baada ya miezi miwili mitatu kutoa machipukizi mapya, hayo ndo kuni zako. Shambani miti kama 20 kwa ekari inatosha, hatua kama 15 kutoka mti hadi mti, na ukibahatika kuwa na ule mgunga ambao wataalamu wanauita Faidherbia albida usiuguse kabisa, huo unapukutisha majani wakati wa mvua kwahiyo haugombanii mwanga na mahindi.

Shida kubwa iliyobaki ni mifugo baada ya mavuno, hasa mbuzi, kwahiyo kaeni kwenye mkutano wa kijiji mkubaliane mapema, mmoja akifanya peke yake chipukizi zitaliwa ndani ya wiki moja.

Na msichome mabua. Mwezi wa nane huu, kabla hujaingia kusafisha shamba, chana kanga kuukuu vipande vipande, zunguka shamba lote taratibu na uhesabu visiki vyenye uhai, funga kitambaa kwanza ndo panga lifuate.