Kufundisha Mdundo kwa Kamba, Dadu na Ubao wa Omweso

Kwa Kiswahili, mpira hudunda na ngoma hudunda. Nimelishika neno hilo tangu nianze kufundisha muziki shule ya msingi hapa Busia, upande wa Uganda. Mwaka wangu wa kwanza nilianza kwa noti ubaoni. Watoto 70 na zaidi wa darasa la tatu walizinakili kwa mwandiko mzuri, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kuzipiga. Walipotoka mapumzikoni, walewale waliruka kamba bila kukosea hata mara moja. Mdundo walikuwa nao tayari, miguuni. Siku hizi naanzia huko.

Utahitaji kamba ndefu, dadu moja ya ludo, vifuniko vya soda (ndizo kete zetu) na uwanja wa udongo.

Hatua ya 1: Kamba

Watoto wawili wazungushe kamba, mmoja aruke, wengine wote wapige kofi kamba inapogusa chini. Wasifuate mguu wa mrukaji unapotua, kwa sababu mrukaji huchoka na kuchelewa. Sikio lifuate kamba. Fanyeni hivyo mpaka makofi yawe kofi moja, hata kama kipindi kizima kitaishia hapo.

Hatua ya 2: Safu moja ya omweso

Omweso ni mchezo wa bao wa Uganda. Ubao wake una mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Bao la pwani lina hesabu hiyohiyo. Kwangu mimi hili ndilo daftari bora la mdundo tulilorithi, na linaniuma kuona limewekwa juu ya kabati kama pambo. Ukikosa ubao, chimbeni mashimo kwa kisigino.

Anza na safu moja tu. Penye kete tunapiga kofi na kusema "pa". Shimo tupu tunalinyamazia, ila kidole lazima kiliguse. Mashimo 8 ni mapigo 4 ya kamba: kamba inagusa chini kwenye shimo la 1, la 3, la 5 na la 7.

Weka kete kwenye mashimo hayo manne kwanza. Hapo makofi na kamba vinakwenda pamoja. Kisha bakiza la 1 na la 5. Wakizoea, weka la 1, la 4 na la 7:

pa – – pa – – pa –

Hapa ndipo darasa huchangamka. Kofi la shimo la 4 linaangukia katikati ya mapigo mawili ya kamba, na watoto husikia mwili ukivutwa. Wengi huanza kucheza hapohapo. Waache wacheze.

Tatizo kubwa ni shimo tupu. Muhula uliopita binti mmoja alikuwa akiyaruka yote matupu na kumaliza safu kabla ya wenzake. Nilishika kidole chake, tukatembea shimo kwa shimo, na kila tulipofika kwenye tupu nikamwomba apulize pumzi kidogo, kama anayepoza chai. Pa, fuu, fuu, pa, fuu, fuu, pa, fuu. Mara ya tatu alifika mwisho pamoja na darasa, akanitazama macho yamemtoka kwa furaha. Tangu siku hiyo darasa zima hupuliza. Kimya nacho kina urefu wake, na mtoto akishaupima kwa pumzi hausahau.

Hatua ya 3: Watu wawili wakabiliane

Omweso huchezwa na wawili wanaotazamana. Mmoja ajaze shimo la 1, 3, 5 na 7, mwenzake ajaze la 2, 4, 6 na 8 kwenye safu yake. Wapige pamoja, kila mtu zake. Amadinda, marimba ya Buganda yenye vibao 12, hupigwa hivyo hivyo: wapigaji wawili wanakaa wakitazamana na kila mmoja anaingia katika nafasi aliyoiacha mwenzake. Waambie watoto jambo hilo, kwa sababu wataisikiliza amadinda kwa masikio mengine.

Hatua ya 4: Dadu

Mtoto arushe dadu. Ikitoka 3, anaweka kete 3 katika mashimo anayotaka mwenyewe, na darasa linausoma mdundo wake. Wenye haya hupenda sana hatua hii.

Trei ya mayai nayo inafaa, lakini kwa kazi nyingine. Ina safu 5 za mashimo 6, kwa hiyo itumie kwa ngoma zinazoyumba kwa sita, sio kwa mashimo 8 niliyoeleza hapa.

Hatua ya 5: Ngoma

Sasa leta ngoma. Mmoja apige ngoma kubwa pale kamba ingegusa chini, mwingine apige safu yake kwenye ngoma ndogo, darasa lipulize mashimo matupu. Kasi ikianza kukimbia, wekeni ngoma chini, rukeni kamba dakika mbili, kisha mrudi.

Mwisho wa kipindi waombe walio zamu ya usafi wasifagie mashimo yale. Kesho asubuhi utawakuta wengine wamechuchumaa hapo, kengele haijalia, wakihamisha vifuniko.