SOMO: Kupiga hesabu ya umbali na saa za angani, Nairobi hadi New York

Ndugu zangu, tangu Kenya Airways waanze kuruka moja kwa moja Nairobi–New York tarehe 28 Oktoba 2018, swali la "ni saa ngapi angani?" haliishi. Tupige hesabu wenyewe. Ukiielewa hii, safari nyingine yoyote utaimudu.

Hatua ya 1: Umbali. Rula kwenye ramani ya ukutani itakudanganya, itakupitisha Afrika Magharibi. Chukua tufe la dunia, bana ncha ya uzi pale Nairobi kwa kidole, uvute hadi New York mpaka ukaze. Utaona unapanda Sudani Kusini, Chad, unakata Sahara, unatokea Moroko ndipo unavuka Atlantiki. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote: digrii 106 na nusu hivi, ukiulaza uzi huo kwenye mstari wa ikweta, ambao mzunguko wake mzima ni digrii 360. Kila digrii ni kilomita 111, kwa hiyo karibu kilomita 11,800.

Hatua ya 2: Mwendo. Boeing 787 ikishatulia juu hukata takribani kilomita 900 kwa saa. Gawanya: saa 13 na dakika chache.

Hatua ya 3: Nyongeza. Kuna kutembea kwenye lami, kupanda, foleni ya kutua. Kubwa zaidi ni upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unakukabili, ukirudi unakusukuma. Ndiyo maana ratiba huweka kama saa 15 kwenda, na kurudi pungufu ya hapo.

Hatua ya 4: Tiketi. Hapa ndipo wengi wanaumia. Saa za kwenye tiketi ni za mahali husika. Chukua mfano wa Januari: kuondoka 23:25, kufika 06:25 kesho yake. Ukitoa hivi hivi utapata saa 7, na si kweli. Januari New York iko nyuma yetu kwa saa 8, hivyo 06:25 ya kule ni 14:25 ya Nairobi. Sasa toa: saa 15 kamili. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, tofauti ni saa 7.

MASWALI

Swali: Tiketi ya mama inasema Jumamosi 00:30. Tumpeleke uwanjani Jumamosi usiku?

Jibu: Hapana dada, Ijumaa usiku! Hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi. Ijumaa saa tatu na nusu usiku mama awe ameshafika uwanjani. Tafadhali mwandikieni kwa saa za Kiswahili, na siku yake.

Swali: Mkuu, dunia inazunguka kuelekea mashariki. Mbona ndege isielee tu, New York ije yenyewe?

Jibu: Kwa sababu hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kinachoongeza au kupunguza saa ni upepo.

Swali: Naanzia Dar, nabadilisha ndege njiani. Nijumlisheje?

Jibu: Umbali, pima kila kipande peke yake kisha jumlisha. Muda, chukua saa ya kuondoka Dar na ya kutua mwisho, zote uziweke kwa saa za Dar (ni zile zile za Nairobi), halafu toa. Kusubiri njiani kumo humo humo.