Amua mara moja: kupunguza maamuzi madogo yanayochosha akili

Kwa siku tatu za kazi, weka kijikaratasi mfukoni. Kila unaposimama kujiuliza jambo dogo (tule nini, boda au taksi ya basi dogo, niweke Yaka ya ngapi, yaani umeme wa kulipia kabla hapa Uganda, huyu nimchangie au nimkwepe), andika neno moja na saa. Usirekebishe chochote bado. Jioni ya siku ya tatu, tia alama kwenye yale yanayojirudia na ambayo hata ukikosea hasara ni ndogo. Hayo ndiyo ya kuamuliwa mara moja. Kiwanja, ndoa, shule ya mtoto na matibabu hayamo. Hayo ndiyo akili inatunziwa nguvu.

Wanasaikolojia bado wanabishana kama utashi huisha kwa kutumika. Wazo hilo la Roy Baumeister, la 1998, lilipojaribiwa upya mwaka 2016 katika maabara zaidi ya 20, athari yake karibu haikuonekana. Lenye msingi imara zaidi ni la Peter Gollwitzer: mpango wa "kama hivi, basi vile" hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Andika kanuni zako kwa umbo hilo.

Anza jikoni, kwa kuwa swali la chakula hurudi kila siku na kila mtu nyumbani ana la kusema. Panga jioni za wiki moja, si za mwezi: Jumatatu posho na maharage, Jumanne matoke na mchuzi wa karanga, Jumatano wali na mukene (dagaa), Alhamisi maharage tena, na Ijumaa iachwe wazi. Kwa watu watano, kilo moja ya unga na nusu kilo ya maharage makavu hutosha mlo mmoja. Loweka kilo nzima ya maharage, ya Jumatatu na Alhamisi, usiku wa Jumamosi, mwaga maji, kisha chemsha yote Jumapili kwa moto mmoja wa makaa. Usiyaunge yote. Maharage yenye nyanya na kitunguu huchacha upesi. Yaliyochemshwa matupu hukaa kwenye friji siku tatu hadi nne. Asiye na friji apike ya siku mbili tu, ayatokose tena barabara asubuhi na jioni, na asiyachote kwa kijiko kilichokwisha kuingia mdomoni.

Ratiba ambayo mpishi hakushauriwa hufa ndani ya wiki. Nyingine huuawa na bei ya soko, kwa hiyo andika mbadala kando yake: mkungu wa matoke ukizidi bei tuliyokubaliana, basi viazi vitamu. Hesabu ikishaanza upya pale sokoni Kalerwe, kanuni haipo tena.

Nguo: piga pasi seti tano Jumapili mchana, umeme ungalipo. Ukienda soko la Owino kutafuta mivumba (mitumba), weka masharti matatu (saizi, rangi, bei ya juu kabisa), nunua ya kwanza inayoyatimiza, uondoke. Herbert Simon, aliyepata Nobel ya uchumi 1978, alifundisha hivyo hivyo: chukua linalotosha.

Boda ya kila siku, kubaliana nauli na dereva mmoja wa steji kwa mwezi mzima, na uwe na namba ya wa pili. Mvua ikinyesha saa kumi na mbili na nusu, basi taksi.

Yaka, nunua siku ya mshahara. Uniti 15 za kwanza za nyumbani huwa na bei nafuu mara moja tu kwa mwezi, kwa hiyo kununua vipande vipande hakukuongezei nafuu. Pesa za simu nazo zitoe mara moja kwa wiki: ada hupangwa kwa ngazi, na juu yake kuna kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa.

Linalochosha zaidi, kwa maoni yetu, ni michango. Kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi), harusi, msiba, karo ya mpwa: kila ujumbe ni kesi. Tenga kiasi cha mwezi kwenye laini ya pili na uandike viwango vitatu: ndugu wa damu, jirani au mfanyakazi mwenzako, na mtu unayemfahamu tu. Mabugo, yaani rambirambi, yalipwe siku ile ile bila kujadili. Mfuko ukiisha, jibu ni moja: "Ndugu yangu, ya mwezi huu yamekwisha, nikumbushe tarehe 1." Mgonjwa wa dharura hahesabiwi humo. Mwenza wako ajue viwango hivyo, maana atakayekataliwa kwako atapiga simu kwake.

Usianzishe kanuni kumi siku moja. Anza na mbili kwa wiki mbili. Ile uliyoivunja mara tatu ina kasoro, ibadilishe au uifute. Bei na nauli zipitie upya kila muhula wa shule unapofunguliwa, kwa kuwa bajeti ya nyumba hubadilika wakati huo hata hivyo.